Saumu ya Thomu

Sisi watu wa visiwani husema thomu; wenzetu wa bara husema kitunguu saumu. Asili ni neno moja la Kiarabu, ila katika safari yake ya kuvuka kwenda bara lilikutana na neno jingine la Kiarabu, saumu ya kufunga, yakawa sauti moja na maandishi mamoja. Wanaisimu watatwambia kwamba maneno haya hayana nasaba, nami siwabishii. Lakini mama yangu, aliyekaa nami Northampton, katikati ya Uingereza, kuanzia mwaka 2011 hadi 2019, hakukubali kuutengua udugu huo. Kila Januari aliposimama mbele ya matuta yangu, udongo umeganda na majani machache ya kijani yamesimama pasi na kukua, alisema neno moja tu: "Imefunga."

Katika nchi ile halmashauri za miji huwakodisha wakazi vishamba vidogo vidogo kwa ada ya mwaka. Changu ni nusu ya kishamba, mita za mraba 125 hivi. Jirani zangu hupanda viazi na maharage; mimi nilichagua thomu, na sababu, nitasema kweli, ni pilau. Ya dukani haikuwa na ukali tulioutaka. Nyingi yake hutoka Uchina, nchi inayotoa kiasi cha robo tatu ya thomu yote ya dunia, na mpaka ifike rafu za Northampton imeshachoka.

Wazee wa vishambani wana msemo kwamba thomu hupandwa siku iliyo fupi kuliko zote na huvunwa siku iliyo ndefu kuliko zote. Msemo huo una mizani nzuri, lakini anayetaka vichwa vinene asingoje Disemba. Hupanda Oktoba, au Novemba inapoanza, udongo ungali na uvuguvugu wa kutosha kuitoa mizizi. Hukibandua kichwa, akatenga punje kubwa peke yake, maana punje nono ina akiba nono ya kuanzia maisha. Ndogo huzirudisha jikoni. Huzichomeka ncha juu, sentimita 15 baina ya punje na punje, 30 baina ya mstari na mstari. Palipopandwa vitunguu vya aina yoyote mwaka uliotangulia hapafai, kwa kuwa kuna kuvu jeupe la kuozesha mizizi ambalo likishaingia ardhini hukaa miaka mingi likingoja.

Baadaye huja baridi, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Punje inahitaji mwezi mmoja au miwili ya baridi baina ya nyuzi 0 na 10. Ikiikosa, huenda ikaota, ikatoa majani, ikanenepa, lakini isigawike: huchimbuliwa bonge moja la mviringo. Baridi ndiyo inayoipa amri ya kuwa kichwa chenye punje nane au kumi. Na iko amri ya pili. Siku zinaporefuka na jua kupata nguvu, mwezi wa Mei, thomu huacha kutoa majani na kuanza kujaza kichwa, iwe ina majani mengi au machache. Iliyopandwa Oktoba huwa imeshajitandaza; ya Machi huipokea amri hiyo ingali na majani manne matano, ikajaza kwa kadiri ya uwezo wake. Ndiyo maana ya majira ya baridi huizidi ya majira ya kuchipua, hata zikipandwa tuta moja na mkono mmoja.

Nimesoma tungo nyingi za wenzetu walioko ughaibuni, na zangu nimo ndani yake. Humo baridi ni adui, ni kaburi, ni mama wa kambo. Siwalaumu watunzi, asiyewahi kungoja basi saa 12 asubuhi mwezi wa Januari asituhukumu. Ila shairi ambalo ndani yake baridi inafanya kazi, kama mwashi au mkunga afanyavyo, bado sijalisoma, na mimi mwenyewe nimejaribu mara mbili nikashindwa na vina.

Mama hakulihitaji shairi hilo. Alikuja akiwa na miaka 68, baada ya baba kufariki, na siku zote alikuwa safarini kurudi. Ikifika Oktoba alinifuata shambani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa amejitanda kanga juu ya koti, akanibandulia vichwa. Punje hakuichomeka hata moja. "Julai mimi sitakuwapo," alisema, akikusudia kwamba atakuwa kwao, Unguja. Mwenye kupanda thomu Oktoba amekubali kukaa miezi tisa, naye hilo hakutaka mikono yake ilikiri. Nami sikumshurutisha. Julai ikija yupo, anang'oa kwa bidii kutushinda sote, anavifunga vichwa mafungumafungu na kuvitundika kibandani penye kivuli na upepo vikauke wiki tatu. Hata yale mashina ya maua, ambayo hukatwa Juni ili nguvu ishuke kichwani, alikataa yatupwe. Aliyakatakata akayapika kwa nazi. Miaka minane ilipita hivyo.

Septemba 2019 alirudi kwao. Mwaka 2022 akaniambia kwa simu kwamba amenunua thomu Darajani, amezitia punje kwenye friji tangu Aprili, na kwamba kipupwe kikiingia atazipanda katika ndoo uani. Nilimweleza nilichokijua: friji itaipa baridi, lakini mchana wa Unguja hauzidi saa 12 na nusu mwaka mzima, na wa Northampton mwezi wa Juni hupita saa 16. Thomu ya Mbulu husitawi, ndiyo, lakini ile ni mbegu iliyozoea kwao, yenye usiku wa baridi ya milimani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimeshazipanda," akasema.

Oktoba majani yakawa manjano, akang'oa. Punje kumi na mbili zilimpa mabonge manane, kila moja zima, halina mgawanyiko, la ukubwa wa ndimu changa. Mawili aliyatwanga siku ile ile kwa ajili ya pweza, akasema ukali wake unatoa machozi. Manne alimpa mke wa ndugu yangu. Mawili yaliyobaki ameyarudisha kwenye friji.