Ngoja Kwanza, Babu

Mwaka 2018, nikiwa nimekwisha kustaafu ualimu mkuu, nilikwenda Marekani kumtembelea mwanangu anayeishi Chicago. Jumamosi moja mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili alinipeleka kwenye ukumbi wa michezo ya mashine. Huko ndiko nilikokutana na pinboli.

Ni meza iliyoinama kidogo, yenye kioo juu. Mpira mdogo wa chuma hurushwa kwa springi, hugonga huku na huko ukihesabu pointi, kisha huteremka. Chini pana vikono viwili unavyoviinua kwa vitufe vya ubavuni. Mpira ukipenya katikati yake, umepotea.

Mipira yangu mitatu iliisha upesi. Kila nilipoona mpira unakuja, nilibonyeza vitufe vyote viwili. Nilipokasirika nikaitikisa mashine. Vikono vikalegea, na mpira ukaenda zake.

"Babu," mjukuu akaniambia, "usipige. Ngoja kwanza."

Akanifundisha mambo matatu. Kwanza, inua kikono kimoja tu, kwani ukiinua vyote unaacha pengo. Pili, mpira mwingine uache udunde wenyewe kwenye kikono kilicholala; utarukia cha pili. Tatu, shikilia kikono juu mpaka mpira utulie hapo. Kisha kiachie, mpira uanze kuteremka, ndipo uchague: ukiupiga karibu na ncha huvuka upande wa pili, karibu na shina, huelekea upande ule ule.

Baadaye nilisoma kwamba vikono hivyo vilianza mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ya huko huko Chicago ilipovitia katika mashine iitwayo Humpty Dumpty. New York waliupiga marufuku mchezo huu tangu miaka ya 1940, wakiuita kamari. Mwaka 1976 Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani, akitaja mpira utakakopita kabla ya kuurusha. Marufuku ikaondolewa. Kumbe si bahati tu. Ni mkono uliofunzwa.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka mwanafunzi mmoja wa mwaka 1987. Alichelewa siku tatu mfululizo, nami nikamchapa kabla ya kumwuliza. Nilipokuja kujua kwamba alikuwa akimwuguza mama yake, alikwisha acha shule. Chuoni tulifundishwa kuuliza swali, kisha kunyamaza ili mwanafunzi apate kufikiri. Darasani nilifanya hivyo miaka yote. Ofisini, fimbo ikiwa karibu, nilisahau. Sikumwona tena nimwombe radhi.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Niliutuliza mpira kwenye kikono, nikautazama kwa muda mrefu, hata mjukuu akacheka.

"Babu, sasa piga!"

Nikapiga. Taa zikawaka.