Anajulikana, Lakini kwa Lipi?

Katika insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana mara kwa mara na neno moja la Kiingereza lililovalishwa joho lisilo lake. Neno hilo ni "notorious". Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa kiongozi "notorious" katika harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Alikusudia kumsifu. Msomaji wa Kiingereza angeelewa kwamba Mwalimu alijulikana kwa uovu. Nilimwandikia pembeni kuwa neno alilolitafuta ni "mashuhuri", nikaendelea na insha iliyofuata. Hata hivyo, neno lenyewe halikuniondoka akilini, kwa kuwa nyuma yake lipo swali zito kuliko sarufi: nani ana mamlaka ya kumpa mtu sifa mbaya, na kwa ushahidi gani?

Asili ya neno hili ni Kilatini, na shina lake lina maana ya kitu kinachojulikana, basi. Lilipoingia katika Kiingereza karne ya 16 halikuwa na doa. Lilitaja jambo lililo wazi kwa watu wote. Lakini wasemaji walizoea kuliambatanisha na mwizi, mwongo na mlevi, na kufikia karne ya 17 lilikuwa limechujiwa na rangi yao, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na kaniki. Maana ya kale imebaki katika sheria. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaitaka mahakama itambue, bila kudai uthibitisho, mambo yanayofahamika kwa watu wote au kwa watu wa mahali fulani. Matini ya Kiingereza hapo hutumia nomino ya neno hilihili. Hakuna anayelaumiwa. Jambo linajulikana tu.

Kiswahili kilipita njia nyingine. "Maarufu" nalo limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kujulikana, lakini katika mafundisho ya Kiislamu shina hilo hutaja jema ambalo watu wanapaswa kuamrishana. Mzungu alichukua kinachojulikana akakisukumia kwenye uovu; Mwarabu alikisukumia kwenye wema; sisi tukaliacha neno letu katikati. Ndiyo maana gazeti linaweza kuandika "daktari maarufu" na "tapeli maarufu" katika ukurasa mmoja bila msomaji kushtuka. Tunapotaka kulaani, tunayo maneno yetu: aliyekubuhu, papa wa dawa za kulevya, na zaidi ya yote, sugu. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa muda mrefu. Anayeitwa jambazi sugu anaambiwa kwamba uhalifu umekwisha kuwa sehemu ya mwili wake.

Hapa ndipo penye tatizo. Ndugu msomaji, hebu chunguza ni nani hupewa neno lipi. Kijana asiye na kazi akikamatwa usiku, kesho yake ni "jambazi sugu", kabla hata hajasomewa mashtaka. Mkubwa anayetuhumiwa kuchota fedha za umma hubaki "mfanyabiashara maarufu" au "mwanasiasa machachari". Huyu wa kwanza amehukumiwa kabla ya mahakama. Yule wa pili, hata mahakama ikimtia hatiani, atarudi uraiani akapewa kiti cha mbele harusini. Lugha imegawa sifa mbaya kwa kufuata kipato.

Mtaani kwetu alikuwepo kijana aliyetangazwa kwa jina hilo la sugu katika gazeti moja, picha yake ikiwa imechapwa akiwa amechuchumaa. Baada ya miezi mingi kesi ilifutwa kwa kukosa ushahidi. Gazeti halikuandika neno. Fundi aliyekuwa akimpa vibarua hakumwita tena, na wazazi waliwakataza watoto wao kukaa naye. Hatimaye alihama. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka hatia ithibitike. Kijana yule alikuwa huru kwa mujibu wa Katiba, na mfungwa kwa mujibu wa kivumishi.

Historia nayo inatufundisha kwamba jina baya aghalabu hutolewa na mwenye nguvu. Mau Mau ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1950, na Dedan Kimathi akanyongwa mwaka 1957. Kenya ikapata Uhuru mwaka 1963, lakini marufuku ile ilibaki katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 taifa huru lilitunza jina baya lililotolewa na mkoloni dhidi ya wapigania ardhi yake. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007. Mtu alikuwa yuleyule. Aliyebadilika ni mwenye kalamu.

Wapo pia wanaolinyakua jina baya na kulivaa kama pambo. Christopher Wallace, msanii wa Brooklyn aliyeuawa mwaka 1997, alijiita The Notorious B.I.G. Mwaka 2013 mwanafunzi wa sheria nchini Marekani aliligeuza jina hilo kuwa Notorious R.B.G., akimshangilia Jaji Ruth Bader Ginsburg, mwanamke aliyekwisha kutimiza miaka 80, kwa maoni yake ya kupingana na wenzake walio wengi katika Mahakama ya Juu. Kwetu, Joseph Mbilinyi alijulikana kwa muziki kama Sugu, na kwa jina hilo akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Hapo usugu ukawa sifa ya asiyechoka. Lakini kugeuza neno kunahitaji sauti inayosikika. Kijana wa mtaani kwetu hakuwa na kipaza sauti.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ningeongeza kwamba mara nyingi kibaya hutembezwa, na wanaokitembeza ni sisi. Mtumishi wa umma anayemnong'oneza bosi mpya kwamba fulani ni "mkorofi", bila barua hata moja ya onyo katika jalada, ametoa hukumu. Mwanaharakati anayemwita mtu "fisadi" kabla ya kusoma ripoti ya ukaguzi ametoa hukumu, na siku ripoti itakapomtaja fisadi wa kweli, neno litakuwa limechakaa. Na mwandishi anayeandika "maarufu" mahali ambapo mahakama imekwisha kuandika "mwenye hatia" ametoa msamaha ambao hakupewa mamlaka ya kuutoa.

Nawaambia wanafunzi wangu kwamba kujulikana ni jambo moja na kuthibitika ni jingine. Kabla ya kumpachika mtu kivumishi, tuandike kwanza kitenzi: alifanya nini, lini, na nani alithibitisha? Tukishindwa kujibu, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tukiweza kujibu, basi tuliseme lile neno baya bila kutetemeka, awe amechuchumaa kituoni au ameketi kwenye kiti cha mbele.