Kijiji Kilichokatazwa Kusalimiana

Ukitajiwa ukuta wa Ujerumani, bila shaka wazo lako hukimbilia Berlin. Lakini ulikuwako ukuta mwingine, tena katikati ya kijiji cha wakulima chenye watu wapatao 50 tu. Kijiji hicho huitwa Mödlareuth. Sisi akina mama watatu tulifika huko tukiwa wageni wa usharika mmoja wa Bavaria.

Usitazamie makuu. Ni nyumba chache za wakulima, mabanda, bwawa dogo, mashamba, na kijito kiitwacho Tannbach ambacho mtoto wa shule anaweza kukiruka. Mwaka 1810 kijito hicho kilifanywa mpaka kati ya ufalme wa Bavaria na milki ndogo ya Reuss, ambayo baadaye iliingia katika Thuringia. Mawe ya mpaka ya siku hizo tuliyaona, yana herufi KB upande mmoja na FR upande wa pili. Wanakijiji hawakuyajali sana. Shule na kilabu cha bia vilikuwa upande wa Thuringia, na kwa ibada watu walikwenda Töpen, upande wa Bavaria. Walioana na kuzikana kama watu wa kijiji kimoja, na kweli walikuwa kimoja.

Mambo yaliharibika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 zilizaliwa Ujerumani mbili, na kijito kikawa mpaka wa nchi. Mwaka 1952 serikali ya mashariki iliufunga mpaka huo. Ardhi yenye upana wa mita 10 ikalimwa ili nyayo za mtu zionekane, na upande wa mashariki hata ndugu hakuingia bila kibali. Waliodhaniwa kuwa si waaminifu walihamishwa kwa nguvu kutoka mpakani. Kwanza ilisimamishwa boma ya mbao. Mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege, urefu mita 700, kimo zaidi ya mita 3. Wamarekani wakakiita kijiji hicho Berlin Ndogo.

Lakini kilichotuuma sisi si zege. Ni habari ya kupunga mkono. Mtu wa magharibi aliweza kusimama kwake akampungia nduguye wa ng'ambo. Yule wa mashariki alikatazwa kuitikia. Hebu fikirini, akina mama! Kwetu mtu asiyeitikia salamu huhesabiwa kuwa mgomvi au mgonjwa. Hapa dada alimwona dada yake akianua nguo, akainamisha kichwa kama hakumwona. Ukuta ulipojengwa, hata kuonana kukawa kwa shida. Mwenzetu mmoja wa Sirari, ambaye shangazi zake wameolewa Isebania, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mpaka wetu nao walikubaliana Wajerumani na Waingereza, mwaka 1886. Lakini mimi siku ya soko navuka na kikapu changu."

Berlin ilifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Watu wa Mödlareuth walingoja mwezi mzima zaidi, hadi tarehe 9 Desemba, ndipo wakapewa mahali pa kupita kwa miguu. Tarehe 17 Juni 1990 tingatinga liliubomoa ukuta. Sehemu yake imeachwa kwa makusudi, pamoja na mnara wa walinzi, na pana makumbusho yanayotunza habari zote hizi. Mkifika, msiharakishe kwenye magari ya askari kama wafanyavyo wanaume. Anzeni kwenye kijito.

Jambo la kushangaza ni kwamba mpaka wenyewe ungalipo. Nusu moja iko chini ya Töpen katika Bavaria, nusu nyingine chini ya Gefell katika Thuringia. Kwa hiyo wana mameya wawili, namba za posta mbili, hata namba za magari si sawa. Salamu pia ni mbili: Bavaria husema "Grüß Gott", yaani Mungu akusalimu, Thuringia husema "Guten Tag", siku njema.

Sisi tulikuwa tumefundishwa ile ya Bavaria tu. Tulipovuka kidaraja tulimsalimu nayo bibi mmoja aliyekuwa akisukuma toroli la kuni. Akaitikia kwa ile ya kwao, akatua toroli, akatupungia mkono.