Mgongo wa Mwanao Uliutazama Lini?

Mzazi mwenzangu, mtoto akikaribia kubaleghe huanza kufunga mlango wa bafu, na tangu siku hiyo mgongo wake huuoni tena. Ni haki yake. Lakini huo ndio umri ambao uti wa mgongo wa watoto 2 hadi 3 katika kila 100 hupinda kwa upande, mithili ya herufi S au C. Madaktari huita hali hiyo skoliosisi.

Kwa binti ya dada yangu, mwenye miaka 12, aliyeigundua ni fundi wa nguo. Alilaumiwa kwamba sketi ya shule ameishona upande, naye akakataa katakata. "Pindo langu limenyooka. Mtazameni mtoto kiuno."

Nyumbani lawama zikageukia mkoba wa vitabu. Nyanya yake akataka akandwe kwa mafuta. Yaondoe hayo akilini, msomaji. Mkoba mzito huumiza mabega, lakini hausababishi skoliosisi, wala kukanda hakuinyoshi. Kwa vijana wengi chanzo chake hakijulikani.

Hebu mwambie mwanao ainame mbele, magoti yamenyooka, mikono ikining'inia. Simama nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za pili, mpeleke kwa daktari wa mifupa apigwe eksirei. Pinda ndogo huchunguzwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Ikizidi digrii 50 hivi, upasuaji hufikiriwa: mifupa hushikizwa kwa fito za chuma.

Katikati hapo, digrii 25 hadi 40, ndipo muda una thamani. Mtoto huvishwa kizibao cha plastiki ngumu kinachozuia pinda isizidi, lakini hufaa tu angali anarefuka. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, asilimia 72 ya waliovishwa waliepuka kufikia kiwango cha upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Waliokivaa saa nyingi zaidi kwa siku ndio waliofaidi zaidi.

Na saa hizo ni ndefu, tusidanganyane. Kuna joto, kuna macho ya watu kwenye matatu. Binti yetu alilia wiki nzima. Siku hizi hukivaa juu ya fulana ya pamba, akakivua akienda netiboli. Wenzake darasani hukigonga kama mlango, naye huitikia, "Nani?"