Nilimwita, Akaja, Nikampiga



Mwanzoni mwa kiangazi kilichopita, jamaa yangu mvuvi alinipa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, awe mlinzi wa nyumba. Watoto walimwita Bobi. Sikuwa na wasiwasi juu ya kumfundisha. Nilisomea ualimu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimefundisha watoto kusoma, kuandika na katekisimu hapa Kalemie. Mbwa mdogo angenishindaje?

Alinishinda. Wiki mbili zilipita naye hajui amri hata moja. Jioni moja niliketi barazani nikasikiliza, nikalitambua kosa la kwanza. Mimi nilimwita kwa kusema "Njoo"; mke wangu alisema "Kuya", kama tuzungumzavyo nyumbani; na kitindamimba wetu, anayejivunia Kifaransa cha shuleni, alisema "Viens". Tulimpa maneno matatu kwa jambo moja, kisha tukamwita mjinga. Tukapatana: "Kuya" kwa kuja, "Ikala" kwa kukaa, na mtu asibadilishe.

Nikakumbuka somo la ualimu juu ya Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mbwa wake walitokwa na mate kwa kusikia tu ishara iliyozoea kutangulia chakula. Zamani nililisoma somo hilo ili nifaulu mtihani, sasa nililielewa. Nilichukua ndakala mkavu, nikamshika juu ya pua ya Bobi, nikamrudisha polepole kuelekea kisogoni. Kichwa kilipoinuka, matako yalishuka yenyewe. Hapo hapo nikasema "Ikala", nikampa. Ukichelewa kidogo tu, mbwa ameshasimama, naye atadhani amepewa kwa sababu ya kusimama. Dakika tano asubuhi na tano jioni zilitosha, zikizidi, huchoka. Baada ya siku chache alikuwa akikaa kwa neno moja.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni langu peke yangu. Siku moja Bobi alikula samaki wa mke wangu walioanikwa. Nilimwita kwa sauti ya upole, "Kuya". Akaja akitikisa mkia. Nikampiga kwa kiatu.

Jumapili iliyofuata lango liliachwa wazi, akatoka mbio hadi barabarani. Pikipiki ilikuwa inakuja. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Kuya!" Alisikia. Aligeuka, akanitazama, akashusha masikio, kisha akakimbia kunikwepa, moja kwa moja mbele ya gurudumu. Dereva alianguka, akachubuka goti; Bobi aliumia mguu. Watu walisema mbwa huyu ni mkaidi. Mimi nilijua sivyo. Alikuwa ametii nilichomfundisha: kwamba neno lile maana yake ni kipigo.

Kulirekebisha neno hilo kulichukua karibu miezi miwili. Nilikaa chini, nikamwita akiwa hatua moja tu kutoka kwangu, nikampa ndakala na kumpapasa. Kisha hatua mbili, kisha tano, akiwa amefungwa kamba ndefu. Alipokosea, sikumwita tena. Nilimwendea mwenyewe alipo, nikamzuia.

Katika jioni hizo, mtoto mmoja alinirudia moyoni. Miaka mingi iliyopita, kioo cha dirisha la darasa kilivunjika. Niliwaambia wanafunzi kwamba atakayesema kweli asiogope. Mvulana mmoja akaja mbele, akakiri. Nikamchapa mbele ya wenzake, nikajitetea kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja. Mvulana yule hakuniambia tena jambo lolote, na baada ya muda aliacha kuja kwenye mafundisho. Nilisema kwamba ni mkaidi.

Sasa ni mtu mzima, mwenye watoto. Nilimtafuta, nikamwomba msamaha. Alicheka kidogo, akasema amekwisha kusahau. Sikusadiki sana, lakini tuliagana kwa kushikana mikono, na tangu siku hiyo tunasalimiana.

Mara nyingi nimefundisha mfano wa mwana mpotevu. Sikuwahi kujiuliza ingekuwaje kama baba yule angekuwa na fimbo mkononi. Wengi wenu mnaongoza watoto katika vikundi, na kesho mtakuwa wazazi. Mtoto akosaye asiachwe bila kuonywa. Lakini akija kwa sababu umemwita, mpokee kwanza. Kuna siku utahitaji aje upesi, na siku hiyo hutakuwa na nafasi ya kumfundisha upya.

Kwa tafakari katika kikundi:
1. Je, yupo aliyekukimbilia kwa kukuamini, ukamfanya ajute kuja?
2. Utachukua hatua gani ya kwanza kumwendea?