Meza Moja, Zamu Mbili

Mwishoni mwa Machi 2020, saa moja ya jioni ilipogonga, barabara za Kampala zilinyamaza. Amri ya kutotembea usiku ilikuwa imeanza, na askari walishika zamu zao vizuizini. Katika nyumba moja chini ya kilima cha Makerere, mama mmoja mhadhiri naye alishika zamu yake ya pili. Watoto wale, waoge, walale. Ndipo aifungue makala ya utafiti aliyoianza Februari.

Meza ilikuwa moja. Mchana ilikuwa ya watoto, kwani shule za Uganda zilifungwa Machi 20, 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Mumewe, mwalimu wa chuo pia, aligeuza chumba cha kulala kuwa ofisi. Hawakukaa wakapatana, ilitokea tu. Mwaka ulipokwisha, bwana alikuwa amechapisha makala mbili. Bibi alikuwa ukurasa wa tisa.

Nyumba hiyo haikuwa peke yake. Mwaka huo huo watafiti walihesabu majina ya waandishi katika makala 1,370 za kisayansi kuhusu Korona duniani. Wanawake walikuwa asilimia 34 tu. Waliotajwa wa kwanza, mahali pa aliyebeba kazi, walikuwa asilimia 29. Waliotajwa wa mwisho, mahali pa kiongozi wa utafiti, asilimia 26.

Askari ataelewa upesi uzito wa jambo hili. Chuoni, makala zilizochapishwa ndizo ngazi ya kupandia cheo. Aliyezikosa mwaka huu aweza kupitwa miaka ijayo. Tena si cheo peke yake. Katika siku za mwanzo za marufuku ya magari, mama mjamzito wa Uganda alihitaji kibali ili asafirishwe kwenda hospitali, hadi sharti hilo lilipoondolewa Aprili 2020. Maswali ya namna hiyo huulizwa mapema zaidi pale wanawake wanapokuwamo miongoni mwa waulizaji.

Makerere iliwapokea wanafunzi wanawake sita mwaka 1945, na kaulimbiu yake, "Tuwe Wanaume", ikabadilishwa. Mlango ulifunguka. Saa za utulivu nyumbani hazikugawanywa.

Siku moja mama yule alimwonyesha mumewe ule ukurasa wa tisa, asiseme neno. Bwana aliutazama kwa muda mrefu. Jioni ile waliandika orodha ya zamu, wakaibandika mlangoni mwa jiko: nani apike, nani asimamie masomo, nani apewe chumba na kwa saa ngapi. Makala ilitoka baadaye, jina la mama likiwa la kwanza.

Familia za kambini zinajua vema kwamba mlinzi asiyepokewa lindo husinzia, hata awe hodari namna gani. Orodha kama ile haihitaji shahada. Yahitaji kipande cha karatasi, na bwana aliye tayari kulisoma jina lake humo.