Hujafa Hujaumbika



Wazee wetu wametuachia neno fupi lenye mzigo mkubwa: "Hujafa hujaumbika." Tulifundishwa tungali watoto wadogo, kila tulipomcheka kiwete au mtu mwenye jicho moja. Mama alitukatiza kwa maneno hayo mawili tu, nasi tukanyamaza, kwani tulifahamu maana yake. Aliye mzima leo hajui kesho ataamka na umbo gani. Maadamu roho imo kiwiliwilini, umbo la binaadamu halijakwisha kubadilika.

Mimi nimefanya kazi zaidi ya miaka thelathini katikati ya maneno hayo mawili. Ni daktari wa kupasua, na katika upasuaji fungu langu ni la kurekebisha sura na viungo vilivyoharibika: mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, mwanamke aliyeunguzwa na jiko la mafuta ya taa, baharia aliyekatwa vidole na kamba ya nanga. Nataka kueleza niliingiaje katika kazi hii na ninaifanya kwa nia gani, kwa sababu wengi katika ndugu zangu Waislamu huitazama kwa shaka.

Shaka ya kwanza ni ya jina. Kwa Kizungu upasuaji huu huitwa kwa neno la plastiki. Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinivuta kando arusini akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba nawatia watu vipande vya ndoo mwilini. Nikamwambia, "La, bibi yangu. Neno hilo asili yake ni la Kiyunani, na maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi afinyangavyo udongo. Ngozi ninayoitia nimeitoa kwa mgonjwa mwenyewe." Akacheka, akaniombea dua.

Shaka ya pili ni nzito, nayo haiondoki kwa kicheko. Watu husema, "Wewe unabadilisha alichokiumba Mwenyezi Mungu." Neno hili nililichukulia kwa uzito tangu siku za mwanzo, na nitasimulia nililipatiaje jawabu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu. Dukani kwake nilijifunza mambo mawili kabla sijaona kitabu cha udaktari. La kwanza, kiraka hukatwa kikubwa kuliko tundu, kwani kitambaa kipya hujikunja kikifuliwa. La pili, bafta hutiwa kiraka cha bafta, na hariri kiraka cha hariri. Nilipokuja kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970, na baadaye kwenda Uingereza kujifunza fani hii, niliyakuta mambo hayo hayo mawili yameandikwa vitabuni kwa maneno makubwa. Ngozi ikihamishwa hujikunja. Na kilichopotea hurudishwa kwa kitu cha jinsi yake: ngozi ya uso hutafutwa karibu na uso, kwa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, ili rangi zipatane.

Baada ya masomo ya Nairobi nilifanya kazi katika hospitali ya pwani. Huko ndiko nilikoona watoto walioungua. Tuliwatibu, vidonda vikafunga, tukawaandikia kwamba wamepona. Lakini ngozi iliyoungua hujivuta inapopona. Baada ya miezi sita walirudi, huyu vidole vimegandamana na kiganja, yule kidevu kimeshikana na kifua. Walikuwa hai, lakini hawakuweza kushika kalamu wala kuinua uso kumtazama anayesema nao. Hapo ndipo niliponuia kujifunza kazi hii.

Kabla ya kusafiri nilimwendea shehe aliyenisomesha Kurani, Mungu amrehemu, nikamuuliza waziwazi, "Shehe, kazi hii ni halali?"

Hakunijibu upesi. Kisha akasema, "Mwanangu, umesikia habari ya Arfaja bin As'ad?"

Nikasema, "Sijaisikia, shehe."

Akanisimulia. Arfaja alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akatia pua ya fedha, nayo ikaoza na kutoa harufu. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atie pua ya dhahabu. "Sasa tazama," akasema shehe, "dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba. Lakini mtu huyu aliruhusiwa, kwa kuwa hakutaka pambo. Alitaka kurudishiwa alichopokonywa. Wewe nenda ukawarudishie watu walichopokonywa. Atakayekujia mzima, akitaka awe mtu mwingine, huyo mrudishe kwao."

Maneno hayo ndiyo mizani yangu hata leo. Nilifurahi sana mwaka 2007, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walipokutana Putrajaya, Malaysia, wakapitisha azimio lenye mwelekeo huo huo. Kurekebisha kilema cha kuzaliwa au kilicholetwa na moto, ajali na maradhi kunajuzu. Kubadili umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio tu hakujuzu.

Tena fani hii si geni kwetu kama wengi wanavyodhani. Wahindi wa kale walijua kutengeneza pua kwa ngozi ya shavu, na kitabu cha tabibu wao Sushruta kilifasiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika zama za Banu Abbas. Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mnamo mwaka 1013, aliandika kitabu cha juzuu 30, na katika juzuu ya mwisho akachora vyombo vya upasuaji vipatavyo 200. Baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipoharibu nyuso za askari wengi, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwakusanya katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, kuanzia mwaka 1917. Huko alitibu zaidi ya watu 5,000. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa fani hii kwa zama zetu.

Ndugu yake wa mbali, Archibald McIndoe, alifanya kazi katika mji mdogo wa East Grinstead wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alitibu marubani walioungua kwa petroli. Aliona kuwa waliodondokea baharini vidonda vyao vilikuwa na hali nzuri kuliko vya wenzao, akaanza kuwaogesha kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kipimo. Lakini mimi nilipofika mji huo kujifunza, lililonigusa zaidi ni jambo jingine. McIndoe hakuridhika na kushona tu. Aliwaendea watu wa mji, akawaomba wawaalike vijana hao majumbani, wala wasiwakodolee macho wala wasiwakimbie. Watu wakakubali. Vijana wasio na pua wala kope wakaketi mezani na familia, wakatembea madukani, wengine wakaoa. Mwaka 1941 walianzisha chama chao, wakajipa kwa mzaha jina la vile vinyama ambavyo madaktari huvijaribia dawa. Chama kikafikia watu 649, na mikutano yao ya kila mwaka iliendelea mpaka mwaka 2007. Mimi niliwaona wakiwa wazee, nyuso zimejaa makovu, wakicheka njiani kama watu wanaorudi harusini, na wenyeji wakiwasalimu kwa majina.

Mwanafunzi mmoja wa McIndoe, Michael Wood, ndiye aliyekuja kwetu Afrika Mashariki, na mwaka 1957 wakaanzisha pamoja na Mmarekani Tom Rees huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo inajulikana kwa jina la Amref. Kwa hiyo nilipokuwa narudi nyumbani nilijua kuwa njia hiyo ilikwisha pitwa na wengine.

Kurudi hakukuwa kwepesi. Katika miaka ya 1990 niliitwa Ghuba kufanya kazi katika kliniki ya watu wenye nafasi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga pua nzima na kukaza nyuso za wasiotaka kuzeeka, na mshahara ulikuwa mara nyingi ya wangu. Wakati huo paa la nyumba ya mama yangu lilikuwa linavuja. Nikamweleza, nikitaraji ataniambia nende. Akaniuliza, "Na hawa watoto wa shingo watabaki na nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Bati likivuja, mwanangu, nitatega sufuria. Shingo ya mtoto ikivutika, mama yake atatega nini?" Sikwenda. Bati lilikuja kubadilishwa baada ya miaka mitatu.

Nieleze sasa ninavyofanya kazi. Kwanza, humwambia mgonjwa kweli kabla ya kisu. Kovu halifutiki. Kila kisu kipitapo huacha alama, na kazi yangu ni kulifanya kovu liwe dogo, au kulihamishia mahali lisipozuia kiungo. Tena ngozi zetu Waafrika hupata kwa wepesi yale makovu yanayovimba na kukua, hata kwa kutoga masikio tu. Kuyakata bila mpango ni kuyakaribisha yarudi makubwa zaidi. Pili, husubiri. Kovu huchukua mwaka au zaidi kukomaa. Mdomo wa sungura hushonwa mtoto akifika kama miezi mitatu na akiwa na uzito wa kuhimili nusu kaputi. Kaakaa hushonwa baadaye, kati ya miezi 9 na 18, kabla hajazoea kusema kwa puani. Tatu, anayeweza kulipa hulipa, na asiyeweza hakatazwi mlango.

Nne, hukataa. Alinijia binti mmoja aliyechumbiwa, akitaka nimpunguze pua.

Nikamuuliza, "Pua hii inakuzuia kuvuta pumzi, binti yangu?"

"La, daktari."

"Ilipata ajali?"

"La."

"Basi nani amekwambia ni mbaya?"

Akainama. "Wifi zangu."

Nikamwambia, "Basi wagonjwa ni wifi zako, na dawa yao mimi sina." Alicheka huku analia. Nikamsihi azungumze na mama yake kabla ya arusi kuhusu nyumba anayokwenda kuingia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa mtoto wa kike wa miaka minane kutoka visiwa vya kaskazini. Koroboi lilimwangukia, na kidevu chake kikashikana na kifua. Nilimfungua shingo, nikampandikizia ngozi ya paja, akavaa mkanda wa shingo kwa miezi mingi, usiku na mchana, akilala bila mto ili shingo isijivute tena. Siku alipoweza kuinua uso akaitazama dari, aliitazama kwa muda mrefu, kwani hakuwa ameiona kwa miaka miwili.

Alirudi kwao. Bibi yake akanipigia simu: mtoto hataki kutoka nje. Wenzake hawataki kula naye sinia moja, na mama mmoja alimwondoa mwanawe ubavuni pake chuoni. Kwa upande wangu kazi ilikuwa imekwisha, na ilikwisha vizuri. Kisu changu hufika kwenye ngozi. Kwenye jicho la mtazamaji hakifiki.

Bibi yule hakuwa na elimu ya McIndoe, wala hakupata kumsikia. Kila Ijumaa baada ya sala alipika wali, akawaita watoto wote wa mtaa, akaweka sinia moja kubwa, akamketisha mjukuu wake katikati. Asiyetaka kula naye, hakuna wali. Ijumaa za mwanzo walikuja watatu. Baada ya mfungo mmoja sinia halikutosha. Leo mtoto yule ni mwalimu wa skuli, anasimama mbele ya watoto arubaini, na kovu lake liko pale pale.

Ndugu zangu, nusu ya upasuaji huu ni yenu. Moto ukimpata mtoto, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vueni bangili na pete mara moja, mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Msipake dawa ya meno, yai, unga wala tope, wala msimtie baharini. Mtoto akizaliwa na mdomo wa sungura, msimlaumu mama yake kwamba alimcheka mtu au alishika kisu mwezi ulipopatwa. Duniani kote huzaliwa mtoto mmoja wa namna hiyo katika kila watoto kama 700. Mlisheni maziwa ya mama kwa kijiko, amekaa wima, na msimfiche ndani.

Na mkimwona barazani au msikitini mtu mwenye uso ulioharibika, msalimuni kwa kumtazama machoni kama mnavyosalimiana nyinyi kwa nyinyi, kisha msogeeni awapishe mkeka. Hapo mtakuwa mmeikamilisha kazi ambayo mimi siwezi kuimaliza peke yangu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na moto wa dunia na wa Akhera, na atujaalie macho ya huruma. Amin.